Biogesi haiingii kwenye mtungi: hesabu za taka, ng'ombe na moto wa jikoni

Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia mwezi Mei 2024, ikilenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Tangu hapo maswali hayaishi. Mfugaji anashauriwa ajenge mtambo wa biogesi, naye anauliza kama mtungi wake wa zamani utafaa. Mkuu wa shule aliyekatazwa kuni anaambiwa vyoo vya wanafunzi vitampikia ugali. Mkazi wa ghorofani anasikia maganda ya ndizi yanatoa gesi, anaanza kuyakusanya kwenye ndoo. Katika kila moja ya hayo kuna ukweli, na kuna hesabu iliyorukwa.

Tuanze kwa kutenganisha gesi tatu ambazo watu huzichanganya. Gesi ya mtungi ni propani na butani, mazao ya mafuta ya petroli, na kwetu huja kwa meli. Gesi asilia, ile ya Songosongo na Mnazi Bay, ni methani iliyokaa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Biogesi nayo moto wake ni methani, ila imetengenezwa wiki hii na vijidudu waliokula kinyesi cha ng'ombe au mabaki ya chakula mahali pasipo na hewa. Haiko safi kama gesi asilia: methani huwa asilimia 50 hadi 70, sehemu kubwa ya kilichobaki ni kabonidayoksaidi, halafu kuna mvuke wa maji na chembe za haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya yai viza.

Kinachofanyika ndani ya tangi

Mtambo wa biogesi ni tumbo la ng'ombe lililojengwa kwa matofali. Hakuna kuzidisha hapo, kwa sababu vijidudu vinavyotoa methani ndani ya mtambo ni jamaa wa wale wanaoishi tumboni mwa ng'ombe, na ndiyo maana mtambo mpya huanzishwa kwa samadi mbichi hata kama baadaye utalishwa taka nyingine. Ukikumbuka kwamba unalisha tumbo, utaelewa karibu kila tatizo litakalokupata.

Kazi hupita kwenye mikono kadhaa. Kundi la kwanza la vijidudu huvunja wanga, protini na mafuta kuwa vipande vidogo vinavyoyeyuka. Kundi la pili huvigeuza vipande hivyo kuwa asidi. La mwisho hula mazao ya asidi hizo na kutoa methani. Tofauti yao kubwa ni mwendo. Watengeneza asidi huzaliana upesi, kwa saa tu. Watengeneza methani huchukua siku nyingi kuongezeka, hawapendi baridi, hawapendi hewa, na asidi ikizidi wanaacha kazi. Ukiwapa chakula kingi kwa mkupuo, kundi la pili linajaza asidi kabla kundi la tatu halijaweza kuila, tangi linachacha na moto unakufa. Mitambo mingi inayosemwa "imeharibika" haina ufa wala bomba lililotoboka. Imevimbiwa.

Joto nalo lina nafasi yake. Kati ya nyuzi 25 na 35 za Selsiasi vijidudu hufanya kazi vizuri, lakini chini ya 15 karibu wanalala. Kwa hiyo mtambo wa Tanga na mtambo wa Makete wenye ukubwa sawa na ng'ombe sawa haitoi gesi sawa, na Juni na Julai kwenye nyanda za juu mwenye mtambo ategemee moto mdogo. Kujenga chini ya ardhi husaidia kwa sababu udongo haupandi wala kushuka joto haraka kama hewa.

Ndoo mbili, saa nne

Hapa ndipo wengi huanguka, kwa hiyo tuhesabu taratibu. Kilo moja ya kinyesi kibichi cha ng'ombe hutoa takriban lita 35 hadi 40 za gesi. Ndoo ya lita 20 iliyojaa kinyesi ina uzito wa kilo 20 hivi. Ndoo mbili kwa siku ni kilo 40, nazo zitakupa takriban mita ya ujazo moja na nusu, au kidogo chini ya hapo.

Plate moja ya jiko la nyumbani hula kama lita 350 kwa saa. Kwa hiyo ndoo mbili za kinyesi ni saa nne za plate moja, au saa mbili ukiwasha zote mbili. Chai ya asubuhi, ugali, mboga na wali wa jioni vinatosha humo kwa familia ya watu watano au sita. Maharage yanayochemka saa mbili yatakula nusu ya gesi ya siku nzima, na ndiyo sababu nyumba zinazopikia biogesi hujifunza kuloweka maharage tangu usiku. Kwa kulinganisha, mita moja ya ujazo ya biogesi ina nguvu inayokaribia nusu kilo ya gesi ya mtungi, hivyo ndoo zako mbili ni sawa na kumaliza mtungi wa kilo 6 kila baada ya siku tisa au kumi.

Sasa rudi nyuma uulize kinyesi kinatoka wapi. Ng'ombe wa maziwa anayefugwa ndani hutoa kilo 15 hadi 25 kwa siku, na zote zinabaki bandani. Wawili wanatosha. Ng'ombe wa kienyeji anayechungwa hukuachia tu kile alichokidondosha usiku zizini, pengine kilo tano hadi nane, kingine kimebaki malishoni. Mwenye ng'ombe sita wa kuchunga anaweza kuwa na gesi ndogo kuliko jirani yake mwenye wawili wa ndani. Nguruwe hutoa kilo mbili au tatu. Kuku hutoa gramu mia moja tu, tena kinyesi chake kina naitrojeni nyingi inayogeuka amonia na kuwadhuru watengeneza methani, kwa hiyo kitie kidogo, kikiwa kimechanganywa na cha ng'ombe.

Maji ni nusu ya chakula. Kila ndoo ya kinyesi inataka ndoo ya maji, ili mchanganyiko utiririke kwenye bomba bila kusukumwa. Mkojo wa ng'ombe unahesabika ndani ya maji hayo na ni mzuri. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni kali yanafaa pia. Lakini kama ndoo hizo mbili za maji zinapatikana kwa kutembea kilomita mbili, mtambo huu wa kawaida utaachwa ndani ya mwaka, na ni bora mwenye nyumba aambiwe hivyo kabla hajachimba shimo.

Mtambo wa mita 6 za ujazo, ambazo kama mita 4 ni za tope na zinazobaki ni nafasi ya gesi, umepigiwa hesabu ya mlo huo: ndoo mbili za kinyesi, mbili za maji, jumla lita 80 kwa siku, zikikaa ndani takriban siku 50 kabla ya kutoka. Ukiongeza mlo mara mbili ili upate gesi mara mbili, mchanganyiko utakaa siku 25 na kutoka haujaiva, ukiwabeba vijidudu kwenda nje kabla hawajazaliana. Hili hutokea bila mtu kukusudia kwenye mabanda ya sakafu ya zege yanayooshwa kwa mpira wa maji, pale mfereji wote unapoelekezwa mtamboni. Maji mengi, kinyesi kidogo, moto haupo. Dawa yake ni kuziba mfereji huo na kurudi kwenye ndoo.

Kwa nini haiingii kwenye mtungi

Propani ikibanwa kidogo hugeuka kimiminika, hata kwenye joto la Dar es Salaam. Ndiyo maana kilo 6 zinakaa kwenye mtungi unaobebwa mkononi. Methani haikubali. Haiwezi kuwa kimiminika mpaka ipozwe hadi chini ya nyuzi 82 chini ya sifuri, hata uibane vipi. Mtungi wa kilo 6 una ujazo wa lita 14 hivi. Ukiujaza biogesi kwa mgandamizo ule ule ambao mtungi umezoea, tuseme mara nane ya hewa ya kawaida, utapata lita 112, yaani dakika 20 za plate moja. Zaidi ya hapo, kompresa ya kawaida ya matairi haikutengenezwa kwa gesi inayowaka, na salfaidi iliyomo inakula chuma kwa ndani. Anayetaka kuuza biogesi kwenye mitungi anahitaji mashine ya kuisafisha hadi ibaki methani karibu tupu, kompresa maalumu na mitungi minene ya mgandamizo wa mara mia mbili au zaidi. Hiyo ni kazi ya kiwanda.

Jiko la gesi ya mtungi nalo haliwaki vizuri kwa biogesi. Gesi ya mtambo inafika na mgandamizo mdogo na nguvu ndogo kwa kila lita, kwa hiyo tundu la nozeli lazima liwe kubwa zaidi. Fundi anaweza kulipanua, lakini jiko lililotengenezwa kwa biogesi tangu mwanzo linapika vizuri zaidi na halipotezi gesi.

Kuba na jinsi linavyosukuma

Mtambo ulioenea zaidi kwetu ni wa kuba lisilosogea, mtindo ulioendelezwa na CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini kilichoko Arusha, kuanzia miaka ya 1980. Una tangi la kuchanganyia, bomba la kuingizia, kuba la matofali na saruji lililofukiwa, na tangi la kutolea lililo juu kidogo. Gesi hupanda na kukaa juu ndani ya kuba. Ikiongezeka inasukuma tope chini, tope linapanda kwenye tangi la kutolea. Ukifungua jiko, tope lile linashuka kwa uzito wake na kuisukuma gesi jikoni. Hakuna pampu wala kitu kinachozunguka, na mtambo uliojengwa vizuri hupita miaka 20. Mgandamizo wake wote ni sawa na uzito wa maji yenye kina cha mita moja hivi, sehemu ndogo sana ya ule wa mtungi.

Ipo pia mifuko ya plastiki ngumu, nafuu kununua na rahisi kufunga kwa siku moja, lakini haipendi jua kali, kwato wala panya. Ukichagua mfuko, uwekee paa na uzio.

Siku za mwanzo zinahitaji subira. Kuba hujazwa samadi mbichi nyingi kwa kadiri inavyopatikana, kwa tangi la mita 6 si chini ya tani moja na nusu, pamoja na maji yake, kisha linaachwa. Gesi ya kwanza ina hewa na kabonidayoksaidi nyingi na haiwaki. Itoe yote nje kwenye nafasi wazi, usijaribu kuiwasha. Baada ya wiki mbili hadi nne moto wa buluu utashika, na hapo ndipo mlo wa kila siku unapoanza.

Mabaki ya chakula na vyoo vya shule

Chakula kina nguvu kuliko kinyesi, kwa sababu ng'ombe hajakula kwanza. Kilo moja ya wali, ugali au viazi vilivyobaki inaweza kutoa mara mbili au tatu ya gesi ya kilo moja ya samadi. Kwa hiyo ndiyo, maganda na mabaki yanapika. Ila chakula kinageuka asidi haraka, na mtambo unaolishwa mabaki matupu unachacha kuliko mwingine wowote. Anza na samadi, kisha ingiza mabaki kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, yakiwa yamekatwakatwa au kupondwa. Maganda ya machungwa na malimao yaache, mafuta yake yanaua vijidudu. Mifupa, vifuu vya nazi na mabua haviozi kwa muda wa siku 50. Ghorofani, nyumba moja yenye kilo moja au mbili za mabaki kwa siku itachemsha chai na kupika mboga, haitapika chakula cha siku nzima. Mgahawa, hoteli au soko la ndizi ndiko kwenye taka za kutosha.

Vyoo navyo vina hesabu yake. Kinyesi cha mtu mzima kwa siku hutoa lita 20 hadi 30 za gesi. Wanafunzi 400 wa bweni watatoa mita 10 hivi za ujazo kwa siku. Kumpikia kila mmoja milo yake, hata kwa masufuria makubwa yanayobana moto, kunataka mara kadhaa ya kiasi hicho. Magereza ya Rwanda yalipojengewa mitambo ya vyoo, kazi iliyopewa Tuzo ya Ashden ya nishati endelevu mwaka 2005, kuni ziliendelea kutumika, kiasi chake ndicho kilichopungua. Hayo ni mafanikio makubwa, pamoja na vyoo vilivyoacha kufurika. Shule inayotaka kuacha kuni kabisa iongeze zizi, au iunganishe biogesi na majiko ya umeme au gesi ya mtungi, na iseme hivyo kwenye bajeti tangu mwanzo.

Penye taka za kiwanda picha inabadilika. Katika jani la mkonge nyuzi ni takriban asilimia 4 ya uzito, kingine chote hutupwa. Huko Hale, mkoani Tanga, kampuni ya mkonge ya Katani ilijenga mwishoni mwa miaka ya 2000 mtambo wa kuzalisha umeme kutokana na taka hizo. Mahali pa namna hiyo, ambapo malighafi iko tayari uwanjani kila siku na mtumiaji wa umeme yuko hapo hapo, ndipo biogesi ya umeme inapoleta maana. Kwa mwenye ng'ombe wawili, gesi yake ni ya kupikia. Akiitia kwenye jenereta atapoteza zaidi ya theluthi mbili kama joto.

Moto ukikusumbua

Mwali unaocheza na kurukaruka maana yake kuna maji kwenye bomba. Biogesi hutoka na mvuke, unapoa njiani, unakuwa matone. Bomba linapaswa kuteremka kuelekea sehemu moja ya chini yenye mtego wa maji wenye koki, nao ufunguliwe kila wiki. Bomba likilegea katikati na kutengeneza bonde, maji yatajaa hapo na gesi haitapita.

Mwali wa njano unaotia masizi sufuria unataka hewa zaidi, zungusha pete ya hewa kwenye jiko. Ukiona mwali unaruka juu ya tundu na kuzimika, hewa imezidi. Harufu ya yai viza jikoni wakati jiko limezimwa ni gesi inayovuja. Paka povu la sabuni kwenye kila kiungo na koki, panapovimba mapovu ndipo. Kichujio cha salfaidi, yaani chombo chenye nyuzi za chuma zilizopata kutu, kikishageuka cheusi kitolewe kikae hewani hadi kipate kutu tena.

Gesi ikipungua polepole kwa wiki nyingi, tazama tangi la kutolea. Tope chachu, lenye povu na harufu kali ni asidi. Acha kulisha kwa wiki moja, tia samadi mbichi ya ndoo mbili tatu, na chokaa au majivu kidogo yaliyokorogwa kwenye maji, kisha urudi kwenye nusu ya mlo. Ikiwa tope halina tatizo, uliza kama kuna ng'ombe aliyechomwa antibiotiki au aliyeogeshwa dawa ya kupe na maji yake yakaingia. Kinyesi cha ng'ombe aliye kwenye matibabu kiende kwenye shimo la mbolea mpaka wiki moja baada ya dawa kwisha. Majani na mabua yaliyoingia na samadi huelea na kuganda juu, mchanga huzama na kula nafasi. Vyote viwili vinazuiwa pale pale kwenye tangi la kuchanganyia: koroga, toa majani kwa mkono, acha mchanga utulie kabla ya kufungua kizibo.

Hofu ya kulipuka

Ndani ya kuba hamna hewa, na moto bila hewa haupo, kwa hiyo mtambo unaofanya kazi hauwezi kulipuka wenyewe. Hatari iko pale gesi inapochanganyika na hewa kwa kadiri maalumu, takriban asilimia 6 hadi 12. Hilo hutokea kwenye chumba cha jikoni kilichofungwa huku koki ikivuja, au kwa mtu anayewasha kiberiti kwenye bomba la kuba ili "aone kama gesi ipo". Jaribu gesi jikoni tu, kwenye jiko. Na kwa sababu biogesi ni nyepesi kidogo kuliko hewa, chumba cha jikoni kiwe na matundu juu ya ukuta, tofauti na gesi ya mtungi inayotambaa sakafuni.

Kinachoua ni kuingia ndani ya tangi. Hata lililomwagwa lina gesi isiyo na oksijeni na salfaidi inayoangusha mtu kwa pumzi chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka naye. Asiingie mtu, hata fundi, pasipo kulipitisha hewa kwa muda mrefu, kamba kiunoni na watu wa kumvuta nje.

Wanaoogopa chakula kunuka kinyesi watulie. Kinachofika jikoni ni gesi, nayo ikiungua inabaki mvuke wa maji na kabonidayoksaidi. Lakini usiiachie gesi bure hewani ikizidi matumizi, kwa sababu methani isiyochomwa hupasha dunia joto karibu mara 28 kuliko kabonidayoksaidi kwa uzito ule ule, kwa kipindi cha miaka mia. Ichome, hata kwa kuchemsha maji ya kuogea.

Kile kinachotoka nyuma

Kila siku lita 80 zinaingia, na karibu lita 80 zinatoka. Tope hilo lina karibu naitrojeni yote iliyoingia, tena sehemu kubwa yake iko katika hali ambayo mmea unaweza kuitumia mara moja. Ukilianika juani, naitrojeni inaruka kama amonia. Lifanyie shimo chini ya kivuli, au limwage likiwa bichi kwenye mitaro ya migomba na majani ya tembo, ufukie kwa udongo. Kwa mahindi litie kabla ya kupanda. Vijidudu vya magonjwa hupungua ndani ya mtambo bila kwisha, kwa hiyo lisiguse mchicha wala nyanya zinazoliwa mbichi, na tope la vyoo liende kwenye miti tu. Mwenye shamba dogo mara nyingi hupata faida kubwa hapa kuliko jikoni, na fundi asiyemwonyesha mteja mahali tope litakapoelekea amejenga nusu ya mtambo.

Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mwambie ajaze kuba maji, asubiri kuta zinywe kwa siku moja au mbili, atie alama, na mrudi kesho yake pamoja kutazama kama yameshuka. Kisha afanye jaribio la mgandamizo kwa kipimo, koki zote zikiwa zimefungwa, usiku kucha. Yote mawili yafanyike kabla udongo haujarudishwa juu ya kuba, maana kuufukua tena ni gharama yako.